Mwongozo kamili wa kupendekeza ndege ya kivita ya Ukraine katika War Thunder

Kwa miezi kadhaa wasomaji wamekuwa wakinitumia mapendekezo yao ya ndege za Ukraine kwa ajili ya War Thunder, mchezo wa vita wa mtandaoni, wakiuliza kwa nini yamekataliwa au yamekaa bila jibu. Nimeyasoma yote, na karibu kila moja lina kasoro ile ile: mwandishi amechukua ndege ya Kisovieti ambayo tayari imo mchezoni, akaipa rangi na nembo za Ukraine, akaiita ndege mpya. Mtengenezaji akilisoma pendekezo la namna hiyo haoni kazi ya kufanya, kwa sababu umbo, injini, rada na makombora yote anayo tayari.

Pendekezo lenye nafasi ni lile linalothibitisha tofauti, kisha likaeleza tofauti hiyo itambadilishia nini mchezaji aliyeketi mbele ya skrini. Hatua zote zilizo hapa chini zinatumikia jambo hilo moja. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa sababu anayeanza na silaha kabla hajachagua toleo hulazimika kuifuta kazi yake yote.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta, au simu yenye skrini inayokuwezesha kukuza picha hadi uone namba ya ubavuni.
- Kibodi ya herufi za Kiukraine, ambayo huongezwa bila malipo kwenye mipangilio ya simu au kompyuta.
- Jedwali lenye safu nne: dai, chanzo, tarehe ya chanzo, na mahali kinapopatikana.
- Folda tatu za picha: umbo la nje, chumba cha rubani, na silaha.
- Mchezo wenyewe ukiwa umesasishwa, pamoja na muda wa kuirusha ndege iliyo karibu zaidi na ile unayoitaka.
- Wiki mbili au tatu. Lililoandikwa usiku mmoja hujulikana tangu aya ya kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua ndege moja, toleo moja, mwaka mmoja

“Su-27 ya Ukraine” si jina la ndege unayoweza kuipendekeza. Su-27P1M ni jina. Viwanda vya ukarabati vya Ukraine vimezifanyia ndege za zamani maboresho yanayojulikana kwa majina yake, na humo ndimo unapopaswa kutafuta: MiG-29MU1 iliyotoka Lviv, Su-27P1M na Su-25M1 zilizotoka Zaporizhzhia, ndege ya mafunzo ya L-39M1 iliyotoka Odesa, na helikopta ya Mi-24PU1.

Ukishachagua toleo, chagua mwaka. Wengi huiruka sehemu hii, nami nasisitiza isirukwe, kwa sababu ndege ile ile hubadilika kabisa kati ya mwaka mmoja na mwingine. MiG-29 ya Ukraine ya mwaka 2021 haina kombora la AGM-88 HARM, lile linalofuata mawimbi ya rada za adui. Ya mwishoni mwa 2022 inalo. Ya 2023 inabeba pia mabomu ya kuongozwa ya JDAM-ER yenye mabawa. Usipoutaja mwaka, msomaji wako hajui ni ndege ipi kati ya hizo anayoombwa kuitengeneza.

Onyo: usianze na F-16AM, ambayo Ukraine ilitangaza rasmi kuipokea tarehe 4 Agosti 2024, wala Mirage 2000-5F iliyofika Februari 2025. Ni ndege nzuri, lakini mchezo tayari una za aina hiyo katika mataifa mengine, na tofauti ya zile za Ukraine ni ngumu kuithibitisha kwa vyanzo vilivyo wazi.

Umefaulu pale unapoweza kusema kwa pumzi moja: “Napendekeza Mi-24PU1 jinsi ilivyokuwa kabla ya Februari 2022.”

## Hatua ya 2: Hakikisha haipo na haijapendekezwa

Pitia orodha ya ndege za mataifa yote mchezoni, si ya taifa moja tu. MiG-29 iliingia Desemba 2022 na Su-27 Desemba 2023, na tangu hapo ndugu zao wameonekana chini ya bendera zaidi ya moja. Kisha tafuta mapendekezo yaliyokwisha kutumwa, kwa majina yote unayoweza kuyafikiria. Ukilikuta lililo dhaifu, usilirudie kwa maneno mengine. Ongezea ushahidi ulio nao pale linapopokelewa, au chagua ndege nyingine.

## Hatua ya 3: Andika tofauti kabla hujaandika kitu kingine

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika ndege iliyomo mchezoni, kulia andika yako. Kila mstari wa kulia lazima ujibu maswali mawili: ni nini kimebadilika, na mchezaji atakihisije?

Tuichukue Mi-24PU1, kwa kuwa ndiyo inayofundisha vizuri zaidi. Kushoto tunayo Mi-24P, yenye mzinga wa GSh-30K wa milimita 30, mitutu miwili, uliofungwa upande wa kulia wa mwili na kubeba risasi 250. Mzinga huo haukubadilika, kwa hiyo usiupotezee hata sentensi moja ya sifa.

Kilichobadilika kwanza ni injini. Mi-24PU1 ilipewa injini za TV3-117VMA-SBM1V za kampuni ya Motor Sich ya Zaporizhzhia, ambazo hushikilia nguvu zake vizuri zaidi kwenye joto kali na mwinuko mkubwa. Mchezaji ataihisi tofauti hiyo atakapoinuka na mzigo kamili wa roketi kwenye uwanja wa milimani, mahali ambapo Mi-24P huanza kuchoka na kushuka pua.

Cha pili, ambacho kwangu ndicho kiini cha pendekezo lote, ni kifaa cha KT-01AV Adros kilichotengenezwa Kyiv. Kazi yake ni kuyavuruga makombora yanayofuata joto, na kiliundwa kuilinda helikopta kutoka pande zote. Mi-24P ina kifaa cha zamani cha kazi hiyo, kiitwacho Lipa. Hapa ndipo mchezaji atakapoinua masikio, kwa sababu kila aliyewahi kurusha helikopta anajua kwamba kombora dogo la begani ndilo linalomrudisha uwanjani mara nyingi kuliko silaha nyingine yoyote.

Sasa fungua picha na ujithibitishie kwa macho yako. Kuza sehemu ya mgongo, nyuma ya rota kuu, pale Mi-24P inapobeba Lipa, kile kitu kinachofanana na chupa iliyosimamishwa. Linganisha umbo lake. Kisha shuka kwenye matundu ya moshi ya injini uangalie kama yamewekewa vifuniko vya kupozea na kuelekeza moshi, kisha upande mbele kwenye kioo cha rubani. Andika unachokiona, taja namba ya helikopta hiyo, na tarehe ya picha. Mstari mmoja ulioandikwa hivyo una uzito kuliko kurasa tatu za sifa.

Ukimaliza na ukakuta mistari ya kulia haifiki mitatu, rudi hatua ya kwanza. Ni afadhali kuliacha sasa kuliko kuliona likikataliwa baada ya mwezi.

## Hatua ya 4: Kusanya ushahidi ulio halali

Anza na herufi. Wengi hutafuta kwa herufi za Kilatini, au kwa Kirusi, kisha hulalamika kwamba hakuna kitu. Kwa Kirusi MiG huandikwa МиГ. Kwa Kiukraine huandikwa МіГ, kwa “і” yenye nukta. Kwa herufi hiyo moja utafungua taarifa za Wizara ya Ulinzi ya Ukraine, za viwanda vya ukarabati na za magazeti yao, ambazo hutazipata kwa njia nyingine. Tafuta “МіГ-29МУ1”, “Су-25М1” na “Мі-24ПУ1”, kisha ongeza neno “модернізація”, yaani uboreshaji.

Chanzo bora cha picha ni maonyesho ya ndege. Su-27 za Ukraine zilirushwa Fairford, Uingereza, mwaka 2017 na 2018, mbele ya maelfu ya watu wenye kamera kubwa, na picha hizo zinaonyesha tumbo, mabawa na mkia kwa usafi ambao picha za vitani haziwezi kuufikia. Aliyeonyesha ndege hiyo mwaka 2017, Kanali Oleksandr Oksanchenko, aliuawa akiwa angani katika vita vya kuilinda Kyiv Februari 2022. Ukizitumia picha zake, mtaje kwa jina na kwa heshima.

Panga vyanzo kwa uzito. Uzito wa kwanza ni miongozo ya ndege iliyokwisha kuwekwa wazi na taarifa za kiwanda kilichofanya kazi. Wa pili ni vitabu na majarida ya wataalamu. Picha na video zenye tarehe huthibitisha kwamba kitu kilifungwa kwenye ndege, lakini hazithibitishi jinsi kilivyofanya kazi. Kurasa za ensaiklopidia za mtandaoni zitumie kama ramani ya kukufikisha kwenye chanzo, usizitumie kama chanzo. Kwa kila dai kubwa tafuta vyanzo viwili vya uzito wa pili visivyonakiliana, kama huna kimoja cha uzito wa kwanza.

Onyo la kwanza, nami nalisema kwa uzito wote: usitumie kamwe hati ya siri, hata kama umeikuta wazi mtandaoni. Julai 2021 mchezaji mmoja aliweka kurasa za mwongozo wa kifaru cha Challenger 2 ili ashinde ubishi kuhusu mchezo huu huu. Kurasa hizo ziliondolewa na hazikutumiwa, na tukio hilo lilijirudia baadaye kwa silaha za nchi nyingine. Kurasa za namna hiyo huliua pendekezo lako na zinaweza kukufikisha mahakamani. Usimwombe askari yeyote “ukurasa mmoja tu”.

Onyo la pili linaihusu Ukraine yenyewe. Tangu Machi 2022 Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo ina kifungu cha 114-2, kinachokataza kusambaza habari za mienendo na mahali walipo wanajeshi na silaha zao pasipo ruhusa. Huenda wewe uko Morogoro au Kampala na sheria hiyo haikufikii, lakini rubani anayelala karibu na ile ndege anafikiwa na kombora. Usitumie picha ya karibuni inayoonyesha majengo, barabara au miti ya uwanja inapokaa ndege. Kila ambacho pendekezo lako linahitaji kipo katika picha za kabla ya vita na katika picha zilizotolewa na jeshi lenyewe.

Umefaulu pale jedwali lako halina dai lisilo na chanzo, na mtu mwingine anaweza kukipata kila chanzo bila kukuuliza.

## Hatua ya 5: Sawazisha vipimo

Utakutana na namba zinazogombana. MiG-29 imeandikwa kuwa na urefu wa mita 17.32 mahali pamoja na mita 16.28 mahali pengine, na zote ni sahihi: ya kwanza imehesabu mchomo wa kupimia mwendo ulioko puani, ya pili haikuuhesabu. Usichague ile inayokupendeza. Eleza kilichopimwa.

Fanya vivyo hivyo kwa uzito, ukitenganisha ndege tupu, ndege yenye mafuta, na uzito wa juu kabisa wa kurukia. Na kwa nguvu za injini, ukitaja kama ni pamoja na moto wa nyuma (mafuta ya ziada yanayochomwa nyuma ya injini ili kuongeza nguvu) au bila huo. RD-33 ya MiG-29 ina kilo 8,300 ikiwa na moto wa nyuma. Usipoongeza maneno hayo matano ya mwisho, namba yako haina maana.

## Hatua ya 6: Silaha, bila tamaa

Hapa ndipo mapendekezo mengi yaliyoanza vizuri hufia. Mwandishi anaona video ya vita, anakusanya kila kombora lililowahi kuning’inia chini ya ndege yoyote ya Ukraine, kisha analifunga kwenye ndege yake. Kila silaha lazima iwe na ushahidi wake kwa toleo lako na kwa mwaka wako.

Anza na za angani. Ndege za kivita za Ukraine za asili ya Kisovieti zimepigana kwa makombora ya R-27 na R-73, na yote mawili yana mizizi Kyiv: R-27 ilitengenezwa na kiwanda cha Artem, na jicho la R-73 linalofuata joto lilitoka kiwanda cha Arsenal. Hazikuwa na R-77. Usiiandike, hata kama ndege za Kirusi za umbo hilo hilo mchezoni zinayo.

Upungufu huo ni hoja yako. R-27ER, toleo la R-27 linaloongozwa kwa rada, inamlazimu rubani aendelee kumulika adui kwa rada hadi kombora lifike. R-77 hujitafutia lenyewe katika sehemu ya mwisho ya safari. Marubani wa Ukraine wamepambana na upungufu huu kila siku tangu 2022. Katika mchezo, upungufu huo unamaanisha kwamba MiG-29MU1 inaweza kuwekwa kiwango cha mapambano (namba inayopanga ni ndege zipi zikutane mchezoni) cha chini kuliko MiG-29 zenye R-77, na mtengenezaji anapenda ndege inayojaza pengo.

Kisha za ardhini. HARM imethibitishwa vizuri: Marekani ilikiri kuitoa Agosti 2022, na mwisho wa mwezi huo jeshi la anga la Ukraine likaonyesha video ya MiG-29 ikiirusha. Simamisha video hiyo pale bawa linapoonekana, utaona kishikizo cha Kimarekani cha LAU-118 kikiwa kati ya kombora na bawa la Kisovieti. Picha hiyo moja inathibitisha kombora, kishikizo na mahali lilipofungwa. Usidai zaidi ya hapo. Usiseme kwamba rada ya ndege huliongoza kombora. Sema kwamba lilifungwa na kurushwa, na uonyeshe mahali.

Kombora la Storm Shadow chini ya ndege ya Su-24M nalo limethibitishwa, tangu 2023, lakini nakushauri uliache. Kombora linalokwenda zaidi ya kilomita 250 halina kazi kwenye uwanja ambao mchezaji huuvuka kwa dakika chache. Bomu la GBU-39, lenye uzito wa kilo 130 hivi, lina matumizi makubwa zaidi mchezoni.

Umefaulu pale kila kishikizo cha silaha kwenye mchoro wako kina namba, na kila namba ina picha yake.

## Hatua ya 7: Eleza mahali pake mchezoni

Ukraine haina safu yake katika mchezo, na nchi nyingi zenye ndege chache huwekwa chini ya nyingine: Finland iko na Uswidi, Hungaria iko na Italia, Afrika Kusini iko na Uingereza. Pendekeza mahali kwa sababu moja au mbili za kiufundi, kisha uliache jambo hilo. Nimeona mapendekezo yenye ushahidi mzuri yakizama kwa sababu nusu ya kurasa ilikuwa ubishi wa bendera, na ndege yenyewe ikasahaulika.

Kuhusu kiwango cha mapambano, usitaje namba peke yake. Taja ndege tatu zilizo karibu, useme yako inazizidi wapi na inazidiwa wapi. Kwa mfano Su-25M1 ina mfumo wa SN-3307 wa kupata mahali kwa setilaiti na kilengeo kilichoboreshwa, lakini mwili na mwendo wake ni ule ule wa Su-25 ya kawaida. Kwa hiyo haitakiwi kupanda juu sana ya ndugu yake.

## Hatua ya 8: Rangi na alama

Toa mapendekezo mawili au matatu ya rangi, kila moja likiwa na picha za pande zote mbili. Rangi ya vipande vya mraba vya kijivu na buluu hafifu ndiyo inayotambulika zaidi, ikiwa na alama ya tryzub, ule mkuki wa meno matatu wa nembo ya Ukraine, kwenye mkia.

Wasomaji wa Goma na Bukavu wana kitu ambacho wengine hatuna. Mi-24P za Ukraine zilihudumu mashariki mwa Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, zikiwa nyeupe mwili mzima na herufi UN ubavuni; mwaka 2013 zilipigana na M23 pamoja na helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini, na kikosi hicho kiliondoka 2022. Kama una picha uliyoipiga mwenyewe miaka hiyo, hiyo ni ushahidi asilia. Mi-24P imo mchezoni tayari, kwa hiyo haifai kuwa pendekezo la helikopta mpya, lakini rangi ile nyeupe inastahili pendekezo lake la pekee, lenye namba ya ubavuni na mwaka.

## Hatua ya 9: Andika, tafsiri, tuma

Andika kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu hoja hupangika vizuri katika lugha unayoiwazia. Kisha tafsiri kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi, na umpe mtu asiyejua ndege alisome. Akikuuliza “kwa hiyo hii ina tofauti gani?”, hujamaliza.

Aya ya kwanza ibebe tofauti yote, kwa mfano huu:

“Mi-24PU1 ni Mi-24P iliyoboreshwa Ukraine, yenye injini za TV3-117VMA-SBM1V na kifaa cha Adros cha kuvuruga makombora yanayofuata joto. Silaha na mwili havikubadilika. Itampa mchezaji helikopta ngumu kupigwa kwa makombora ya begani, bila kumwongezea nguvu ya kushambulia.”

Baada ya aya hiyo weka jedwali la tofauti, vipimo, mchoro wa silaha, nafasi mchezoni, rangi, na vyanzo. Kabla ya kutuma, bofya kila kiungo kwa simu nyingine ambayo hujaitumia kwa kazi hii. Viungo vingi vya tovuti za Ukraine hukatika au hufungwa kwa wageni, na kiungo kilichokufa huhesabiwa kuwa dai lisilo na ushahidi. Hifadhi nakala ya kila ukurasa pamoja na tarehe.

Ukishatuma, subiri. Ukiulizwa swali, jibu kwa chanzo. Ukionyeshwa kosa, lirekebishe siku hiyo hiyo na uandike juu kabisa ya pendekezo ulichorekebisha na tarehe yake, ili anayelisoma miezi sita baadaye aone kwamba mwenyewe bado yupo na jedwali lake liko mkononi.